Uhuru Park: Jumba la ghorofa 60 lilizuiwaje?

Kila mvutano wa viwanja vya umma Nairobi unapopamba moto, jina la Wangari Maathai hutajwa, na kisa cha Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya jiji, husimuliwa kama hadithi ya ujasiri. Ujasiri ulikuwepo, hakuna anayebisha. Ila mwaka 1989, chini ya chama kimoja, ujasiri mtupu haukuwa na uwezo wa kuzuia jengo ambalo Rais mwenyewe alilitaka. Kinachofaa kupekuliwa ni ufundi wake: mradi ule uliguswa wapi hasa hata ukaanguka?

Tuanze na mchoro. Jumba la Kenya Times Media Trust, lililopangwa kusimama ndani ya bustani hiyo, lilikusudiwa kuwa na ghorofa 60, wakati KICC, jumba la mikutano ambalo ni fahari ya jiji tangu 1973, ina 28. Ndani yake kungekuwa na makao makuu ya KANU, chama tawala, ofisi za Kenya Times, gazeti la chama hicho, ukumbi, maduka na maegesho ya magari 2,000; na kando yake, sanamu kubwa ya Rais Moi. (KANU ilikuwa tayari na ofisi zake humo humo KICC, ng'ambo tu ya Uhuru Highway, kwa hiyo shida haikuwa pa kukaa.) Mshirika wa kigeni alikuwa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza. Gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 200 hivi, na sehemu kubwa ingekopwa nje ya nchi.

Watetezi wa mradi walisema jumba lingekula kipande kidogo tu cha bustani. Ukitazama alama ya mnara kwenye ramani, ni kweli. Lakini shika kalamu upige hesabu ya magari. Wapangaji miji hukadiria kama mita 25 za mraba kwa gari moja, ukijumlisha njia ya kupitia na kugeuzia. Magari 2,000 yanataka mita 50,000 za mraba, yaani hekta 5. Uhuru Park nzima ni kama hekta 13. Ama ungelaza lami juu ya zaidi ya theluthi ya nyasi, ama ungechimba maegesho chini na kung'oa miti yote iliyo juu yake. Bado hujaweka barabara za kuingilia wala walinzi, na makao makuu ya chama tawala hayakosi askari. Uwanja ambapo Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha misa mbele ya umati mwaka 1985 ungegeuka ua wa mbele wa ofisi.

Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, hakuanza kwa maandamano. Alianza kwa barua, Oktoba 1989. Aliwaandikia Kenya Times, ofisi ya Rais, tume ya jiji, mkuu wa mkoa na wizara husika, akiuliza kama habari aliyoisikia ni ya kweli. Nakala ikaenda pia UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Kwa macho ya leo swali hilo linaonekana dogo, lakini lilikuwa na makali: anayejibu amekiri kwa maandishi kuwa mradi upo, na asiyejibu ameonekana anaficha. Barua iliyolenga penyewe hasa ni ile aliyompelekea Balozi wa Uingereza, Sir John Johnson. Humo aliuliza kama Waingereza wangekubali jengo la namna hiyo lisimamishwe katikati ya Hyde Park. Hapo hakuwa akiomba huruma. Kupitia kwa balozi, alikuwa akimkumbusha Maxwell, mwenye fedha, kwamba kwao asingethubutu.

Mradi ule ulikuwa jungu juu ya mafiga matatu: ardhi, kibali na fedha. Ardhi ilikuwa mikononi mwa serikali. Kibali vilevile. Novemba wabunge walisimama kuukejeli upinzani, wakaliita Green Belt kundi la wanawake walioachika, na siku chache baadaye ujenzi ukazinduliwa. Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuomba zuio na kesi ikatupwa Desemba. Jaji Dugdale hakufika hata kwenye suala la bustani. Kwake, mwananchi ambaye hakuonyesha hasara yake binafsi hakuwa na haki ya kushtaki. Mwenye kuusemea umma ni Mwanasheria Mkuu, yaani mshauri wa serikali hiyohiyo. Muda si muda Green Belt walipewa saa 24 kuhama ofisi zao zilizokuwa kwenye jengo la serikali.

Figa la tatu, fedha, ndilo lililokuwa nje ya himaya ya Moi. Vyombo vya habari vya nje vilikwisha kuichukua habari, na wafadhili, Benki ya Dunia miongoni mwao, wakaanza kuuliza nchi inayoomba misaada inakopaje mamilioni kwa ajili ya mnara wa chama. Mapema 1990 habari zikawa kwamba mchoro utapunguzwa, kisha mradi ukazimika kimyakimya. Uzio uliendelea kusimama pale hadi Februari 1992.

Basi nguvu ya mbinu hii ilitokana na ukubwa wa jumba lenyewe, na udhaifu wake uko papo hapo. Mnara wa ghorofa 60 hauendi bila benki za ng'ambo. Kiwanja cha kuchezea watoto mtaani hakihitaji benki yoyote. Kinahitaji barua moja ya ugawaji na afisa wa ardhi mwenye njaa. Katika miaka ile ile ya tisini ambapo Uhuru Park ilipona, vipande vidogo vya ardhi ya umma vilimegwa kila upande, na ripoti ya 2004 ya Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, imejaa habari zake. Hakuna balozi wa kuandikiwa kuhusu nusu eka ya uwanja wa shule.

Kwa viwanja hivyo, kilichokuja kufaa ni lile lango la mahakama lililofungwa 1989. Sheria ya mazingira ya 1999 ililifungua, na kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kikalipanua: anayekwenda kudai haki ya mazingira safi halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Katiba hiyo ilizinduliwa Uhuru Park. Bustani yenyewe nayo haikuacha kuandamwa: mwaka 2019, ilipojulikana kwamba barabara ya juu ya Nairobi ingemega ukanda wa bustani hiyo, kelele zilipigwa na wizara ikatangaza mchoro utabadilishwa.

Ila mlango wa mahakama haumsaidii asiyejua kinachoendelea. Ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi hutangazwa gazetini kwa herufi ndogo, au kwa bango linalofungwa kwenye ua wa kiwanja, na muda wa kupinga ni mfupi. Maathai alisikia habari za mnara mapema kiasi cha kuandika barua zake kabla ya matingatinga kufika. Jirani wa uwanja mdogo kwa kawaida husikia siku mabati yanapopigiliwa, na kufikia hapo hati ya kiwanja imeshatoka.