Istilahi za Hodhi la Chini ya Ardhi: Tahakiki ya Rasimu

Katika rasimu ya istilahi za ujenzi iliyoletwa mbele yetu, sehemu ihusuyo chombo cha zege kinachofukiwa ardhini ili kukusanya maji ya mvua ndiyo iliyotushughulisha zaidi. Watungaji wanastahili shukrani, kwani wameingia uwanja ambao wengi wameukwepa. Hata hivyo, istilahi tatu hazikuturidhisha, na sababu zetu si za ufasaha peke yake.

Kwanza, chombo chenyewe kimeitwa 'shimo la maji'. Shimo ni uwazi tu. Halina kuta wala uzito. Chombo hiki kina vyote viwili, na kikiwa kitupu ndani ya ardhi iliyojaa maji chaweza kuelea kama mashua. Tuchukue chenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kimo cha mita 3, kilichozungukwa na maji ya ardhini hadi juu. Kimechukua nafasi ya maji mita za ujazo 150, yaani tani 150, na kwa kanuni ya Archimedes husukumwa juu kwa kadiri hiyo hiyo. Ikiwa zege yake ni mita za ujazo 40, kila moja tani 2.4, uzito wote ni tani 96. Pengo la tani 54 halina budi kuzibwa kwa udongo wa juu, sakafu nzito au nanga. Huko Kasukabe, Japani, katika mfumo wa kukinga mafuriko uliokamilika mwaka 2006, nguzo 59 za tani 500 kila moja husaidia kuzuia chombo cha namna hii kisiinuliwe. Mwanafunzi aliyefundishwa 'shimo' hatauliza habari ya nguzo hizo. Twapendekeza 'hodhi'. 'Birika' lingefaa pwani, lakini bara wengi watafikiria chai.

Pili, 'shinikizo la maji' limebebeshwa dhana mbili. Maji hukandamiza kuta kutoka kila upande. Kuinua hodhi zima ni jambo jingine. Hilo la pili twaonelea liitwe 'kani eleza'. Atakayesema kwamba kueleza ni kufafanua, akumbuke kwamba kitenzi kuelea nacho kikinyambuliwa huzaa kueleza.

Tatu, na hapa ndipo penye hatari, rasimu yasema 'kina cha maji ya ardhini'. Kina kikiongezeka, maji yameshuka. Lakini msimamizi asomaye kwamba 'kina kimeongezeka' yamkini atadhani yamepanda. 'Usawa wa maji ya ardhini' hauna utata huo: hupanda masika, hushuka kiangazi. Tena maelezo ya istilahi hii yataje kwamba tarehe ya kipimo iandikwe, maana kipimo cha kiangazi pekee chaweza kumpotosha msanifu.

Hatuwezi kumaliza bila kusifu 'udongo wa mbuga', jina la udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hata ukasukuma kuta za hodhi. Watungaji hawakulibuni; wamelitwaa kwa wakulima, wanaoijua tabia ya udongo huo kwa jembe. Laiti wangaliwauliza na wachimba visima habari za maji, istilahi ya tatu isingalikosewa. Twashauri rasimu irudishwe, na safari hii wachimbaji waalikwe mezani.