Usafi wa Kimeng'enya na Udongo wa Kihamba: Uhakiki wa Mkabala wa Tafiti za Yurease

Makala hii inahakiki mkabala uliozoeleka katika tafiti za yurease, kimeng'enya kinachovunja yurea na kutoa amonia na kabonidioksaidi. Hoja kuu ni kwamba sifa za kimeng'enya kilichosafishwa hazitoshi kueleza hatima ya yurea katika vihamba vya miteremko ya Kilimanjaro, na kwamba kuzitumia hivyo kunaweza kumpotosha mkulima.

Mkabala huo una historia ya heshima. Mwaka 1926 James Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alipata fuwele za yurease kutoka katika mbegu za mmea wa jamii ya maharage, akaonesha kuwa kimeng'enya ni protini. Dai hilo lilipingwa kwa miaka kadhaa. Mwaka 1946 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na watafiti wengine wawili. Mwaka 1975 ilibainika kuwa yurease ya mmea huo ina nikeli, na mwaka 1995 umbo la yurease ya bakteria Klebsiella aerogenes likachapishwa. Matokeo hayo yalihitaji kimeng'enya safi.

Utaratibu wa maabara unaeleweka. Seli za bakteria hupasuliwa, protini hutenganishwa kwa chumvi na kwa safu za kromatografia, na katika kila hatua hupimwa utendaji kwa kila miligramu ya protini. Kisha hutafutwa pH na jotoridi ambapo kimeng'enya hufanya kazi kwa kasi kubwa zaidi. Ubora wa utaratibu huu ni kudhibiti kila kigezo. Udhaifu hujitokeza takwimu hizo zinapotolewa maabara na kupelekwa shambani.

Kwanza, sehemu ya yurease ya udongo haimo ndani ya seli hai. Imeshikamana na chembe za mfinyanzi na mboji, ambako hudumu muda mrefu na hutenda kwa kasi tofauti na ile ya kimeng'enya huru. Udongo wa kivolkano wa vihamba, unaolishwa kwa samadi na majani ya migomba, una mboji ya kutosha kulifanya jambo hili lisipuuzwe.

Pili, yurease nyingi hufikia kilele cha kasi katika nyuzi 50 za Selsiasi au zaidi zinapopimwa kwa dakika chache. Udongo ulio chini ya kivuli cha migomba na mibuni haufikii joto hilo, na kadiri mtu anavyopanda kutoka Moshi mjini ndivyo baridi inavyoongezeka.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kipimo cha maabara hufanyika katika bafa, yaani myeyusho unaozuia pH isibadilike. Udongoni, uvunjaji wa yurea hupandisha pH kuzunguka punje ya mbolea, na kupanda huko ndiko kunakoigeuza amonia kuwa gesi inayotoroka hewani. Bafa, basi, huficha tukio lenyewe linalomgharimu mkulima. Yurea ya dukani ina asilimia 46 ya naitrojeni; ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu bila kufukiwa, sehemu ya gharama yake hupotea. Hali kama hiyo hutokea zizini: mkojo wa ng'ombe una yurea, na bakteria wa kinyesi wana yurease. Vikichanganyika, samadi hupoteza naitrojeni kabla haijafika mgombani.

Uhakiki huu haupendekezi kuacha usafishaji. Unapendekeza kwamba mtafiti anayedai manufaa kwa kilimo aongeze kipimo cha udongo wenyewe, usiotakaswa na usiotiwa bafa, uliochukuliwa katika miinuko mbalimbali, na apime pia amonia inayotoroka. Bila kipimo hicho, sura ya mapendekezo inapaswa kuishia pale data inapoishia: kwenye kimeng'enya, si kwenye kihamba.