Riwaya Tatu za Upelelezi kwa Msomaji wa Kisii na Nyamira

Wahakiki kadhaa wa fasihi ya Kiswahili wameziweka kando riwaya za upelelezi kwa hoja kwamba ni burudani tupu. Hukumu hiyo ni ya haraka. Riwaya tatu zinazojadiliwa hapa zinastahili kupimwa kwa swali moja: mhusika mkuu anaitafutaje kweli? Kwa msomaji wa Kisii na Nyamira, swali hilo ni zito. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Ushahidi haukungojewa.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammed Said Abdulla, maiti ya tajiri inakutwa mzimuni, na wako walio tayari kuamini kwamba wazee wa kale wamelipiza kisasi. Bwana Msa, kiko mdomoni, haridhiki. Huuliza, husikiliza, hulinganisha kauli za watu, mpaka mkono wa binadamu unapodhihirika. Msomaji Mgusii haingii ugenini hapa. Lugha yake huwaita mizimu ya mababu ebirecha, na neno lake omorogi lina mzizi mmoja na kitenzi cha Kiswahili kuroga. Anachokipata kipya ni subira ya Bwana Msa. Kasoro ya kitabu ni kwamba mpelelezi huyu hujua mno, na mara nyingine msomaji hupewa jibu kabla ya kuonyeshwa njia yake.

Simu ya Kifo (1965) cha Faraji Katalambulla kinauhamishia upelelezi mjini Dar es Salaam, mikononi mwa Inspekta Wingo. Lugha yake ni nyepesi na taharuki inadumu. Wahusika ni wepesi pia, hata msomaji akifunga kitabu hukumbuka matukio kuliko watu. Hata hivyo, Katalambulla amefaulu kuonyesha kwamba kumsaka mwuaji ni kazi yenye utaratibu, na mwenye kuitenda ana dhamana mbele ya umma.

Kufa na Kupona (1974) cha Elvis Musiba kinampeleka Willy Gamba Nairobi kufuatia nyaraka za siri zinazowahusu wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Dhamira ni njema na mwendo ni wa kasi. Lakini mara nyingi bastola hujibu pale ambapo Bwana Msa angeuliza. Katika vita dhidi ya ukoloni jambo hilo laweza kutetewa, kwani adui anajulikana. Hatari huanza msomaji anapoichukua tabia ya Gamba na kuirudisha kijijini, ambako mtuhumiwa ni jirani, tena bibi kizee.

Kwa kipimo hiki, kitabu kikongwe kuliko vyote ndicho bora. Riwaya haizimi moto wa umati, wala mwalimu wa fasihi asiahidi hivyo. Lakini darasa la Kisii au Nyamira likisoma Mzimu wa Watu wa Kale, mwalimu na asimame pale maiti inapoonekana, awaulize wanafunzi: ni nani aliyeona, aliona nini, na anayesema hivyo anafaidika na nini? Wanawake wale wanne hawakuulizwa hata moja la maswali hayo.