Kanisa la Soko ya Watumwa, Unguja

Tukisoma juu ya ujenzi wa makanisa, tunazoea kutazama Roma na Ubelgiji. Leo tutazame Unguja, pahali panapoitwa Mkunazini. Kanisa la pale ni la Waanglikani, si letu, lakini linatuhusu. Misafara ya Tippu Tip ilifika mpaka Lualaba, na watu wa inchi zetu walifungwa wakapelekwa pwani.

Soko ya watumwa ya Unguja ilifungwa mwaka 1873. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule, jiwe la musingi likawekwa palepale. Askofu Edward Steere, mutu aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, alisimamia kazi yeye mwenyewe. Paa alilijenga bila mbao: mawe ya matumbawe yaliyovunjwa, yakachanganywa na simenti, yakawa tao moja kubwa toka ukuta mpaka ukuta. Wengi walisema litaanguka. Lingali linasimama. Mimi naona tao lile ndilo kazi ya kweli ya kanisa hili, maana mapambo yake, nusu ya Kiingereza na nusu ya Kiarabu, hayapatani sana.

Nyuma, karibu na pahali pa batizo, kuna nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini. Husemwa mafundi walizisimamisha hivyo Askofu akiwa safarini, naye akaziacha. (Mapadri wajenzi, mbele ya kumugombeza fundi, mukumbuke kumuonyesha mupango.)

Mbele ya altari kuna duara ya marmaru nyeupe: ndipo, wanasema, uliposimama muti wa kuwachapia watumwa. Steere mwenyewe, aliyekufa mwaka 1882, amezikwa nyuma ya altari.

Sasa neno gumu. Wageni wanashushwa katika vyumba vya giza chini ya nyumba jirani, wakiambiwa kwamba watumwa walifungiwa mle. Lakini nyumba ile wamisionari waliijenga kuwa hospitali, miaka mingi nyuma ya soko kufungwa, na wanahistoria wengine wanakana habari ile. Mateso yalikuwa ya kweli. Hayahitaji vyumba vya kuongezewa. Katekista anayesimulia watoto utumwa asikitegemee chumba kile.

Inje kuna sanamu ya Clara Sörnäs, ya mwaka 1998: watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Ni kazi ya juzi, nayo haijifanyi ya zamani. Mutu wa Kamina akifika Unguja, aanze pale shimoni, ndipo aingie kanisani kutazama paa.