Uwanja, Jukwaa na Haki ya Hadhira: Tathmini ya Ngoma za Marungu

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuipima ngoma ya jadi kwa kigezo cha usafi. Ikionekana kuwa ni ya asili husifiwa. Ikionekana kuwa imechanganyika na mambo ya kigeni hulaumiwa. Kigezo hicho kina udhaifu mkubwa, kwani ngoma za Afrika ya Mashariki na Kati zimekuwa zikiazimana tangu zamani. Beni, iliyozuka katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, iliiga gwaride na bendi za kijeshi za Kizungu, ikasambaa bara hadi Kongo. Pamoja na kuiga kwake, ilikuwa ngoma ya watu kwa maana kamili ya neno hilo.

Makala haya yanapendekeza kigezo kingine, nacho ni uwezo wa hadhira wa kuibadili ngoma wakati inachezwa. Katika uwanja wa kijiji manju huanzisha wimbo, lakini hauendelei bila waitikiaji. Wakichoka, hana budi kubadili mahadhi, wakichangamka, hurefusha. Mtazamaji wa sasa ndiye mchezaji wa baadaye, na asiyependezwa huenda zake. Haki hizo nne, yaani kuingia, kuitikia, kukataa na kuondoka, ndizo zinazoitofautisha ngoma na maonyesho matupu.

Mfano utakaotumiwa ni Pepa na nyanda za juu za Marungu, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni nchi ya milima, kilimo na ufugaji, na wenyeji wake wengi ni Watabwa. Katika muda wa karne moja na ushei eneo hilo limepitiwa na misheni, chama cha siasa na vita, na kila kimoja kiliigusa haki ya hadhira kwa namna yake.

Misheni na kuzuiwa kuingia

Kituo cha Mpala kilianzishwa na Émile Storms mwaka 1883, na mwaka 1885 kikakabidhiwa Mapadri Weupe. Katika nchi zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru walikuta mikusanyiko yenye nguvu, mmojawapo ukiwa chama cha Butwa, ambacho mmisionari wa Kiprotestanti, Dugald Campbell, alichapisha maelezo yake mwaka 1914. Butwa kilikuwa na unyago wake, nyimbo zake na ngoma zake, na kilipokea wanaume na wanawake. Kwa wamisionari, ngoma ya namna hiyo ilikuwa uovu, na Mkristo alitakiwa ajitenge nayo.

Haitakuwa haki kusema kwamba misheni iliua fikra zote za wenyeji. Mtabwa Stefano Kaoze, aliyepadirishwa mwaka 1917, akiwa Mkongo wa kwanza kupata daraja hiyo katika zama za ukoloni, aliandika kwa Kifaransa juu ya fikra za Wabantu kabla hata ya upadirisho wake. Maarifa yaliweza kuhifadhiwa kwa kalamu. Kilichovunjwa ni mkusanyiko wenyewe: watu waliambiwa kwamba uwanja fulani haukuwa wao tena.

Baadaye Kanisa lilibadili msimamo. Mwaka 1958, huko Kamina, upande mwingine wa Katanga ya wakati ule, Padri Guido Haazen na kwaya yake, Les Troubadours du Roi Baudouin, walitoa Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mahadhi na ngoma za Kikongo. Mwaka huohuo kwaya hiyo ilikwenda Ulaya na kuimba katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Kazi hiyo ni nzuri, na uzuri wake ulitokana kwa sehemu kubwa na ubunifu wa papo kwa papo wa waimbaji. Lakini tatizo lake liko hapo hapo. Kilichobuniwa siku moja kilinaswa katika sahani ya santuri, kikaja kuwa maandishi ya muziki, na kwaya za mataifa mengine zikakiimba kama kilivyonaswa. Jibu la siku moja likageuzwa kuwa matini isiyojibika. Misa ya Kizaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, iliukaribia uwanja zaidi, kwa kuwa ndani yake waumini wote huitikia na kuyumba kwa mahadhi, si wanakwaya peke yao.

Chama na kuzuiwa kuondoka

Chini ya Mobutu na siasa ya uhalisi, iliyopamba moto kuanzia mwaka 1971, ngoma ilirudishwa hadharani kwa kishindo. Vikundi vya uhamasishaji wa kisiasa viliundwa nchini kote. Shuleni na makazini watu waliimba na kucheza sifa za kiongozi na za chama chake, MPR. Kwa kigezo cha usafi, mhakiki angeweza kushangilia: ngoma za makabila zilichezwa, mavazi yalikuwa ya Kiafrika, na umati mzima ulishiriki.

Hapa ndipo udhaifu wa kigezo hicho unapodhihirika. Ushiriki peke yake hautoshi. Mtu anayecheza kwa kuhofia kuonekana hachezi si hadhira wala fanani; ni mtumishi wa ngoma. Misheni ilimnyima mwanakijiji haki ya kuingia uwanjani. Chama kilimnyima haki ya kutoka. Matokeo yalikaribiana, kwa kuwa katika hali zote mbili manju hakuhitaji tena kuwasikiliza waliomzunguka. Aliyepaswa kuridhishwa alikuwa mtu wa nje ya duara.

Vita na kutawanyika kwa duara

Pigo la tatu halikulenga ngoma, bali watu wenyewe. Mapigano ya mwishoni mwa mwaka 2000 yalipita Pepa na kuendelea hadi Pweto, mji ulioanguka Desemba mwaka huo. Maelfu walivuka mpaka kuingia Zambia, na wengi wakaishi katika kambi za Kala na Mwange. Kuanzia mwaka 2007 wakimbizi walirejeshwa kwa meli kutoka Mpulungu hadi Moba. Ngoma ni ujirani kabla ya kuwa sanaa. Waitikiaji wakitawanyika, manju hubaki na maneno bila wimbo. Kwa hiyo kuufufua uwanja katika nchi kama hiyo ni suala la watu kujuana upya, na hapo ndipo uzito wa mjadala huu ulipo.

Funzo kutoka Tanzania

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilichagua njia ya dola yenye nia njema. Mwaka 1962 Nyerere aliunda wizara ya utamaduni. Baadaye likaja Kundi la Taifa la Ngoma, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Hata hivyo, Elias Songoyi, katika kazi yake ya mwaka 1988 kuhusu ngoma kugeuzwa biashara, alionyesha jinsi ngoma inavyoathirika inapotolewa katika mazingira yake ili kumfurahisha mgeni.

Lakini jukwaa si adui kwa lazima. Katika mashindano ya ngoma ya Usukuma, hasa yale ya Bulabo huko Bujora, wafuasi wa Bagika na wa Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila upande ukijaribu kuvuta watu wengi zaidi. Mshindi ni yule aliyezungukwa na umati mkubwa. Ni tamasha, lina wageni, na Kanisa limelishika mkono. Lakini hadhira huhukumu kwa miguu yake, na manju anayewachosha watu hubaki peke yake. Haki zote nne zimo.

Hitimisho

Anayetaka kuandaa tamasha la ngoma Pepa au kwingineko vijijini ana la kujifunza katika ulinganisho huu. Vikundi viwili vinavyoshindana katika uwanja wa wazi vitaihifadhi ngoma kuliko kikundi kimoja kilichopangiwa dakika kumi mbele ya viti vya wakubwa. Aidha, mtafiti anayenakili maneno ya manju na kuyaacha majibu ya umati amenakili nusu ya utungo. Anapaswa kuandika pia nani aliingia, nani aliitikia, wimbo gani ulikataliwa, na watu walianza kuondoka wakati gani. Bila hayo, vitabu vitajaa nyimbo za Marungu, na wanakijiji wa Marungu watabaki watazamaji wa ngoma zao wenyewe.