Anayeinama Chini ya Trela

Malori yanapopanda Kitonga kuelekea Tunduma, watu hutazama magurudumu, moshi na ukubwa wa mzigo. Pale kichwa kinaposhikana na trela hapatazamwi na mtu. Pamejificha, pamejaa grisi nyeusi na vumbi, wala hapapendezi. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu gari na mzigo wake kufika tani 56, na sehemu kubwa ya uzito huo inavutwa kwa kipande cha chuma ambacho shingo yake ina kipenyo cha inchi 2 tu.

Chuma hicho ndicho kingpini. Kimechomoza chini ya tumbo la trela, upande wa mbele. Kichwa kikirudi nyuma, pini inateleza kwenye mwanya wa sahani iliyo juu ya chasisi, kisha taya za kufuli zinaikamata shingoni. Sahani inabeba, taya zinashika, pini inavuta. Mmoja wa waanzilishi wa trela za namna hii, August Fruehauf wa Detroit, alikuwa mhunzi. Mwaka 1914 mfanyabiashara wa mbao alimwomba amtengenezee kitu cha kukokotea boti yake nyuma ya gari la Ford, naye akafanya. Sishangai kwamba kazi hii ilipita kwenye mikono ya mhunzi, kwani mpaka leo inamtaka mtu anayekielewa chuma kwa kukigusa.

Fundi ninayemsifu nimemwona kwenye yadi za Dar es Salaam, na naamini wenzake wapo Mariakani na Malaba. Dereva anamjia na lawama: gari linagonga nikifunga breki, pini imekwisha. Fundi habishi. Anachota grisi ya sahani kwa kidole na kuisugua taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikikwaruza, ina mchanga, na grisi yenye mchanga ni msasa: kila kona lori linapokata, chuma kinaliwa. Kabla ya kuilaumu pini anakaza boliti ya kurekebishia kufuli, maana mara nyingi ni taya zilizolegea. Anaangalia mipira iliyo chini ya sahani. Anagonga boliti zinazoishikilia sahani kwenye chasisi, moja moja, akisikiliza mlio. Mwisho kabisa ndipo anapoisafisha pini na kuipima. Ikiwa mpya, shingo yake ni milimita 50.8, ikishuka chini ya 49, inatolewa. Wapo wanaoijaza kwa kuichomelea ili ionekane nene tena. Huo si ufundi, ni kuwatega watu walioko nyuma ya lori.

Ustadi wake naupenda zaidi pale trela linapokataa kuachia. Dereva amevuta mpini mpaka jasho linamtoka, utingo naye ameshaleta nyundo. Fundi anauliza swali moja: gari lilisimamaje? Likisimama huku kichwa kinavuta, taya zimebanwa na uzito wa trela, na hakuna nguvu ya mkono itakayozifungua. Anaamuru breki za trela zifungwe, kichwa kirudi nyuma kidogo sana, kiasi cha kuondoa mvuto. Kisha mpini unatoka kwa mkono mmoja. Nyundo inarudishwa ilikotoka, na utingo anajifanya hakuwa nayo.

Kosa la kutisha, hata hivyo, halipigi kelele. Trela likiwa limeinuliwa juu mno kwenye miguu yake, pini inapita juu ya taya bila kukamatwa. Kwa macho ya haraka kila kitu kimekaa sawa. Dereva mwangalifu atafunga breki za trela, atavuta mbele kidogo, atahisi limeshika, ataridhika. Lakini pini iliyopanda juu inaweza kujishikiza kwenye ukingo wa sahani na kulipita jaribio hilo, kisha ikachomoka kwenye tuta la kwanza. Ndiyo maana mzoefu haamini mvuto peke yake. Anachukua tochi, anainama, anaingiza kichwa mle ndani na kutazama mambo mawili: taya zimefunga nyuma ya shingo ya pini, na hakuna mwanga unaopenya kati ya sahani na tumbo la trela. Ukiona mwanga, hujaunga.

Mabomba ya upepo na plagi ya umeme, vinavyounganisha kichwa na trela, sitavizungumzia kwa urefu. Mabomba yakibadilishana, breki za trela hazitaachia. Taa zikianza kuwaka ovyo, indiketa ikiwasha na breki, anza na waya wa ardhi na kutu kwenye plagi kabla ya kununua chochote.

Kazi hii haina shukrani, kwa sababu ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea. Lori linafika Tunduma, mzigo unashushwa, na hakuna anayeuliza nani aliinama alfajiri ile yadini. Wenye malori, basi, msimharakishe dereva anapochukua tochi. Na fundi akisema pini imekwisha, mnunulieni nyingine siku hiyohiyo.