Moshi Mweupe wa Hilux: Kosa la Mkono na Kosa la Ubuni

Bonasi ya majani chai ikishalipwa, maongezi ya huku kwetu Merigi, Kenya, hugeukia magari. Mwenye ng'ombe anataka pikapu ya kupelekea maziwa, mwenye kabichi anataka ya kumfikisha Bomet kabla soko halijachangamka. Wote huuliza bei, kilomita zilizokwishatembea na ulaji wa dizeli. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama gari liliundwa katika mwaka wa kwanza wa umbo lake jipya au baada ya umbo hilo kuzoeleka. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza, na sababu yangu ni kisa cha Toyota Hilux, gari ambalo huku kwetu halihitaji kutambulishwa.

Mei 2015 Toyota ilizindua kizazi cha nane cha Hilux. Fremu ilikuwa mpya, na mpya zaidi ilikuwa injini: familia ya GD, ya lita 2.4 na lita 2.8, iliyochukua nafasi ya KD waliyoizoea mafundi wetu. Katika nchi zenye masharti makali ya hewa, kama Australia, injini ya lita 2.8 ilikuja na chujio la masizi kwenye ekzosi. Humo ndimo mlimozaliwa matatizo.

Chujio hilo ni tofali la kauri lenye vijitundu, linalonasa masizi yasitoke nje. Likijaa ni lazima masizi yateketezwe, na hayateketei mpaka joto likaribie nyuzi 600. Moshi wa injini peke yake haufikii joto hilo kwa mwendo wa kawaida. Kwa hiyo wahandisi waliongeza nozeli ya tano, isiyopeleka dizeli kwenye silinda yoyote, bali inayoinyunyiza ndani ya bomba la ekzosi. Dizeli hiyo hukutana na kichocheo, kipande chenye umbo la sega la nyuki kilichokaa mbele ya chujio, ikaungua humo na kupandisha joto, na masizi yaliyo nyuma yakateketea. Dereva hatakiwi hata kujua kwamba kazi hiyo inafanyika.

Sasa chukulia uso wa sega hilo umeganda utando. Dizeli inapita bila kuungua, joto halipandi, chujio linabaki limejaa. Kompyuta inaona bado kuna masizi, inaamuru dizeli zaidi inyunyizwe. Nyuma ya gari unatoka moshi mweupe mzito wenye harufu kali, kiasi kwamba anayefuata haoni mkono wake wa barabara. Taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi, na dizeli inakwenda bure. Haya yote yaliwapata wenye Hilux, Fortuner na Prado nchini Australia, ambako dizeli huwa na salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Sisi Afrika Mashariki tulishuka hadi sehemu 50 mwaka 2015. Wale wa Australia hawakuwa na mafuta machafu ya kusingizia.

Dhana iliyozoeleka kuhusu machujio haya ni kwamba adui yake ni safari fupi: gari linazimwa kabla halijapata moto. Ndiyo maana ushauri wa kawaida kwa mwenye chujio lililoziba ni alipeleke gari barabara kuu, alikimbize nusu saa. Kesi ya wenye magari hayo dhidi ya Toyota ilipofika Mahakama ya Shirikisho ya Australia, hukumu ya Aprili 2022 ilieleza kinyume chake. Mfumo ulikuwa unashindwa hasa gari linapoendeshwa mara kwa mara kwa mwendo wa kuendelea wa kama kilomita 100 kwa saa. Katika hali hiyo haukuweza kuzuia utando usigande kwenye kichocheo. Mwendo uliodhaniwa kuwa dawa ndio uliokuwa unaleta ugonjwa.

Hapo ndipo ninapomwonea uchungu mnunuzi. Mtu analipia pikapu iliyotengenezewa safari ndefu, anaiendesha safari ndefu, kisha gari linamharibikia kwa sababu ya safari hizo hizo. Akirudi gereji anabadilishiwa kifaa au programu ya kompyuta, na baada ya miezi moshi unarudi. Mwaka 2018 magari mapya yaliwekewa swichi ya kuanzisha uteketezaji kwa mkono, lakini swichi haisafishi uso wa kichocheo uliokwisha kuganda. Marekebisho yaliyokubalika kuwa yanafanya kazi yalikuja mwaka 2020, miaka mitano baada ya uzinduzi. Kesi ilihusu magari 264,170 yaliyouzwa kuanzia Oktoba 2015 hadi Aprili 2020. Jaji alikadiria thamani yake ilipungua kwa asilimia 17.5, mahakama ya rufani ikashusha hadi asilimia 10, kwa kuwa kufikia hapo dawa ilikuwa imepatikana.

Mkulima wa chai anaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko mwanasheria. Majani yakishindiliwa guniani yanapata joto na kuwa mekundu. Hilo ni kosa la mkono, na kesho ukiyapakia kwa nafasi limekwisha. Lakini ukiwa umepanda mche hafifu, hata uchume majani mawili na chipukizi kwa uangalifu wote, kikombe hakitafanana na cha mwenye mche bora wa aina ya 6/8. Kasoro ya Hilux ilikuwa ya mche. Kila kichocheo kipya kilichofungwa kiliingia kwenye mfumo ule ule na kuganda vile vile.

Si kila kasoro ya gari jipya iko hivyo. Mwaka 2016 jarida la Sweden, Teknikens Värld, liliijaribu Hilux hiyo kwa kuikwepesha ghafla ikiwa kasi, nayo ikainuka magurudumu karibu kupinduka. Toyota ilirekebisha programu ya kudhibiti uthabiti, na mwaka uliofuata gari likafaulu jaribio hilo. Kosa lilipatikana, likarekebishwa, likaisha.

Kigumu zaidi kukisoma ni kisa cha Tundra, pikapu kubwa inayoundwa San Antonio, Texas. Umbo jipya la mwaka wa modeli 2022 liliacha injini ya silinda nane likachukua ya silinda sita yenye turbo mbili. Mei 2024 Toyota iliita magari yapatayo 102,000, ya Tundra na Lexus LX, kwa sababu mabaki ya chuma kutoka kwenye mashine za kuchongea yalibaki ndani ya injini na kuharibu beringi kuu. Dawa ilikuwa kubadilisha injini nzima. Ukisikia hivyo unasema ni kosa la mkono, takataka zilizosahauliwa. Lakini mwishoni mwa 2025 yaliongezwa magari mengine yapatayo 127,000, yakiwemo ya modeli ya 2024. Kwa maoni yangu, chuma kinachobaki ndani ya injini za miaka mitatu ya modeli hakiwezi kuitwa uzembe wa zamu moja. Huo ni utaratibu mzima wa usafishaji ambao haukutosha tangu siku ulipopangwa.

Turudi Merigi. Kenya inaruhusu kuingiza gari lililotumika lisilozidi miaka 8, na sheria hiyo ndiyo iliyofungulia mlango pikapu za miaka ile ya 2015 hadi 2020. Matumizi yetu pia yamegawanyika: wiki nzima gari linapanda na kushuka vilima vya murram likiwa na mzigo, halafu siku moja linashuka hadi Narok na kukata tambarare kwa kasi kuelekea Mai Mahiu.

Ukipata Hilux ya lita 2.8 ya miaka hiyo, kwanza ujue kama ina chujio la masizi, kwa kuwa si zote zilizotengenezewa soko moja. Ikiwa nalo, omba karatasi za matengenezo uone kama marekebisho ya 2020 yalifanywa. Muuzaji asipokuwa nazo, lipa fundi afungue bomba mbele ya kichocheo kabla hujatoa pesa, amulike uso wa sega kwa tochi. Vijitundu vikionekana wazi, endeleeni na bei. Vikiwa vimefunikwa utando, hesabu gharama ya mfumo mzima, kwani kichocheo kipya peke yake kitakurudisha kwa fundi huyo huyo.